Jina Siyo Mtu: Mwongozo Kamili wa Kumfukua Mshukiwa wa Mauaji ya London ya 1888 kwa Sensa, Vyeti na Rejista

Wiki haipiti bila mtu kuniletea Jack the Ripper mpya, yule muuaji wa wanawake wa London wa 1888 ambaye hakuwahi kujulikana. Anakuja na skrinshoti ya sensa ya Uingereza, jina kalizungushia wino mwekundu, ananiambia mkuu nimempata, alikaa Whitechapel, kule mashariki ya London kwenye mauaji, alikuwa mchinja nyama, kesi imeisha. Namuuliza swali moja tu: umejuaje kwamba huyu wa kwenye sensa ndo yuleyule aliyetajwa na polisi? Kimya.

Hapo ndo mnapokwama karibu wote, na siwacheki, maana hata mimi nilikwama hapohapo. Mnapata jina, mnapata mtu mwenye hilo jina, mnawaunganisha fasta. Ni kama mtu aje Temeke kumtafuta Juma Hassan aliyetoroka na pikipiki ya watu, halafu akamdaka Juma Hassan wa kwanza anayekutana naye akikaanga chipsi.

Habari za mauaji yenyewe sizirudii, mnazijua. Tutachukua mtu mmoja tumfuate kwenye makaratasi hatua kwa hatua: Charles Cross, yule dereva wa mkokoteni aliyeukuta mwili wa Mary Ann Nichols, mmoja wa waliouawa, mtaa wa Buck's Row, usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 31 Agosti 1888. Alikuwa shahidi, ila wapo wanaomshuku. Nimemchagua yeye kwa sababu kwa miaka mingi vitabu vilimtaja kwa jina hilo tu, na jina hilo kwenye sensa halikufikishi popote.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Akaunti ya FamilySearch. Bure kabisa, unaandika barua pepe tu. Humo kuna sensa, ubatizo na ndoa za makanisani.
- FreeBMD. Bure pia. Ni indeksi za vizazi, ndoa na vifo vya England na Wales kuanzia 1837.
- Akaunti ya GRO, ile ofisi kuu ya usajili ya Uingereza. Kutafuta ni bure, unalipia ukitaka cheti chenyewe.
- Mwezi mmoja wa Findmypast au Ancestry. Hizi ni tovuti za sensa na rejista, za kulipia, na usilipie siku ya kwanza. Subiri mpaka uwe na orodha ya maswali kumi na tano hivi, ndo ununue mwezi mmoja uyamalize yote. Kadi ya mtandaoni ya kwenye simu huwa inakubali, ila ukishalipa ingia kwenye mipangilio uzime ile ya kukatwa tena mwezi ujao, usije ukalia.
- Old Bailey Online, kesi za mahakama kuu ya jinai ya London toka 1674 mpaka 1913. Bure.
- Papers Past ya New Zealand na Trove ya Australia. Wengi hamzijui hizi. Magazeti ya kule yalikuwa yananakili habari za London neno kwa neno, na yote ni bure, wakati ya Uingereza yenyewe mengi unalipia.
- Jedwali lenye safu tano: tarehe, chanzo, jina kama lilivyoandikwa, anachosema mwandishi wa chanzo, na wewe unaamini kiasi gani. Daftari la shule linatosha.

Bahati nzuri kwetu ni kwamba Malkia Victoria wa Uingereza alirithi kiti tarehe 20 Juni 1837, na usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ukaanza tarehe 1 Julai mwaka huohuo. Siku kumi na moja tu. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa ndani ya utawala wake, kwa nadharia, ana karatasi. Kwa nadharia.

## Hatua ya 1: Anza na maneno ya siku ya tukio

Usifungue sensa kwanza. Najua mkono unakuwasha, lakini tulia.

Chukua alichosema mtu mwenyewe au kilichosemwa juu yake wakati uleule, 1888, siyo alichoandika mtu wa 1990. Mafaili ya polisi ya mauaji haya yako kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza kule Kew, kwenye namba MEPO 3/140, ila mengi yalishapotea. Kumbukumbu rasmi za kikao cha uchunguzi wa kifo cha Nichols nazo hazipo tena, kwa hiyo tunategemea waandishi wa magazeti waliokaa ndani ya kikao wakiandika kwa mkono.

Cross alitoa ushahidi Jumatatu tarehe 3 Septemba 1888 mbele ya mchunguzi wa vifo Wynne Baxter. Ukisoma magazeti kadhaa ukayaweka pamoja unapata hivi:

- Jina: Charles Allen Cross. Kuna magazeti yaliyoandika George.
- Makazi: 22 Doveton Street, karibu na Cambridge Road.
- Kazi: carman, yaani dereva wa mkokoteni wa farasi, kampuni ya Pickford, zaidi ya miaka 20.
- Ratiba: alitoka nyumbani kama saa tisa na nusu usiku, kazini Broad Street anatakiwa saa kumi alfajiri.

Ona hilo la George. Mwandishi amekaa nyuma, shahidi anaongea taratibu, amesikia vibaya. Ukisoma gazeti moja tu na likawa hilo, umeshapotea njia kabla hujaanza safari.

Umefaulu kama una vitu visivyopungua vitatu juu ya mtu wako ambavyo siyo jina. Hapa tunavyo: nyumba, kazi, mwajiri. Kama unacho kimoja tu, rudi kwenye magazeti. Usiendelee.

## Hatua ya 2: Tafuta nyumba, usitafute jina

Hii hatua ndo moyo wa kazi nzima, isome mara mbili.

Sensa ya England ilikuwa kila baada ya miaka kumi. Zilizo jirani na 1888 ni ya tarehe 3 Aprili 1881 na ya tarehe 5 Aprili 1891. Wengi mnaandika "Charles Cross, London" mnapata utitiri wa watu, mnachagua anayependeza. Badala yake nenda Findmypast, kuna sehemu ya kutafuta kwa anwani. Chagua 1891, andika Doveton Street, halafu shuka nyumba kwa nyumba mpaka namba 22.

Pale hakuna Cross. Kuna Charles A. Lechmere, na kazi yake imeandikwa carman.

Sasa wengi wakifika hapa wanasema aah, Cross alishahama, wanafunga ukurasa. Subiri! Nyumba ileile, kazi ileile, jina la kwanza lilelile, na herufi ya katikati A kama Allen. Inaweza ikawa bahati? Inaweza. Ndo maana hatujamaliza, ila sasa una mtu wa kumfuata.

Mambo matatu ya kujua juu ya sensa zile kabla hujaziamini:

Kwanza, unachokiona siyo fomu ya mwenye nyumba. Ni kitabu alichonakili karani wa sensa, fomu zenyewe za mpaka 1901 zilitupwa. Mwenye nyumba kakosea, karani kakosea wakati wa kunakili, na mtu wa siku hizi aliyeingiza kwenye kompyuta naye kakosea. Kwa hiyo fungua picha yenyewe kila mara, usitosheke na maandishi yaliyochapwa. Na kwenye kutafuta tumia nyota: Le*mere, au Kosmin* kwa Kosminski tutakayemkuta mbele, inakuletea hata yaliyoandikwa ovyo.

Pili, wanahesabiwa waliolala pale usiku ule, kama sensa yetu ya 2022, unakumbuka karani alivyokuuliza nani kalala hapa usiku wa kuamkia Agosti 23. Mtu aliyelala hospitali au jela utamkuta huko, siyo nyumbani. Na baadhi ya jela na hospitali za vichaa ziliandika herufi za mwanzo tu za jina, A.K. basi, kwa ajili ya kumficha aibu. Ukimkosa mtu, mtafute kwa herufi.

Tatu, umri. Tovuti inachukua mwaka wa sensa inatoa umri, inakuandikia mwaka wa kuzaliwa. Lechmere alizaliwa Oktoba 1849. Aprili 1891 alikuwa na miaka 41, kompyuta inakuambia 1850. Ukiweka 1849 peke yake bila kuruhusu mwaka mmoja mbele na nyuma, unaweza ukamkosa mtu uliyekaa naye uso kwa uso. Weka miaka miwili kila upande kwa mtu aliyesoma, mitano kwa maskini wa East End, yaani mashariki ya London. Na sensa ya 1841 ni balaa lake, watu wazima wengi umri wao ulishushwa mpaka kwenye tano ya karibu, wa 39 akaandikwa 35.

## Hatua ya 3: Eleza hilo jina la pili limetoka wapi

Usikubali kamwe kwamba mtu ana majina mawili mpaka uone karatasi inayoeleza kwa nini. Ukishindwa kueleza, basi una watu wawili.

Rudi nyuma na yule Lechmere. Mama yake aliitwa Maria Louisa Roulson, akaolewa na John Allen Lechmere, ndoa ikaenda upande. Mwaka 1858 mama akaolewa na Thomas Cross, askari polisi. Fungua sensa ya 1861: utamkuta askari Thomas Cross, mke wake Maria Louisa, na mtoto Charles ameandikwa Charles Cross.

Hiyo ndo karatasi tuliyokuwa tunaitaka. Jina la baba wa kambo. Kwetu hili hata siyo la kushangaza, mtoto anasoma kwa jina la mjomba, kitambulisho kina jina la babu, mtaani anaitwa Chidi. Huko Uingereza pia sheria haikumzuia mtu kutumia jina alitakalo ilimradi siyo kwa utapeli.

Na angalia mama: Roulson, Lechmere, Cross, na baadaye akaolewa tena akawa Forsdike. Majina manne, mtu mmoja. Ukitaka kumfuata mwanamke kwenye rejista hizi, kila ndoa ni mlango na lazima uupate ufunguo wake, la sivyo anapotea. Mnaotafuta wahanga badala ya washukiwa mlishike sana hili. Nichols mwenyewe alizaliwa Walker.

Angalizo: kigezo changu ni hiki, na sikilegezi: mtu wa karatasi A ni mtu wa karatasi B kama wanakubaliana kwa vitu viwili visivyotegemeana mbali na jina. Anwani na kazi, sawa. Anwani na mke, sawa. Jina na umri peke yake, hapana, hata jina liwe la ajabu vipi. Kuna kina Lechmere wengine pia.

## Hatua ya 4: Jenga familia kwa vyeti, hata kama mke wa mshukiwa humhitaji

Watu wananiuliza, mimi natafuta muuaji, watoto wake wa nini? Watoto ndo wanaokuonyesha baba alikuwa anaishi wapi kati ya sensa na sensa. Miaka kumi ni mingi, mtu anahama mara sita.

Ujanja wenyewe uko hivi. Lechmere alioa mwaka 1870, mke anaitwa Elizabeth Bostock. Ingia GRO, tafuta vizazi, jina la ukoo Lechmere, jina la ukoo la mama kabla ya ndoa Bostock. Indeksi ya GRO ya mtandaoni ina jina la mama toka 1837, wakati indeksi za zamani zilianza kulionyesha 1911. Inakuruhusu kupanua miaka michache tu kila upande, kwa hiyo unarudia rudia, 1872, 1877, 1882, na kuendelea. Kila mtoto anakuja na wilaya ya usajili. Ziandike kwa mpangilio wa miaka, utaona familia inavyohama mtaa hadi mtaa. Sensa ya 1881 wako James Street, St George in the East. Kufika 1888 wako Doveton Street.

Jinsi ya kusoma mstari wa indeksi: jina, wilaya, robo ya mwaka, juzuu, ukurasa. Wilaya za East End baada ya 1852 ziko juzuu 1c. Robo ya mwaka ni ya *kusajiliwa*, siyo ya kuzaliwa, na mzazi alipewa siku 42, kwa hiyo mtoto wa Februari unaweza kumkuta robo ya Juni. Nimeona watu wakimkataa mtu sahihi kwa sababu hiyo tu.

Kabla ya 1875 mzazi hakubanwa kweli kusajili mtoto, wengine hawakusajili. Usipomwona mtoto tafuta ubatizo, rejista nyingi za makanisa ya London ziko Ancestry zikiwa na picha.

Sasa pesa. Picha na PDF za vyeti vya kuzaliwa na vifo zinakuja kwa mtandao. Vya ndoa ni karatasi tu, kwa posta. Mimi niliagiza kimoja, kikakaa wiki kibao, nikakipokea kwa furaha nimekaa kabisa kwenye ngazi za posta nakifungua, kusoma jina la baba wa bwana harusi, siye. Jina sahihi, mwaka sahihi, wilaya sahihi, mtu mwingine. Kwa hiyo kabla ya kuagiza cheti cha ndoa angalia kwanza kama rejista ya kanisa lenyewe iko mtandaoni, ni taarifa zilezile na saini zao halisi juu yake.

Kwenye cheti cha ndoa soma kila safu: umri, kazi, makazi, jina la baba na kazi ya baba, mashahidi. "Full age" maana yake 21 na kuendelea, basi, siyo umri wake. Na safu ya baba watu walidanganya sana, aliyezaliwa nje ya ndoa anabuni baba, mwenye baba wa kambo anamweka wa kambo. Uongo huo nao ni taarifa.

## Hatua ya 5: Siku yenyewe alikuwa wapi?

Mpaka hapa una mtu. Bado huna mshukiwa. Sasa unatafuta karatasi ya kumweka mbali na eneo, na ninasema *mbali* makusudi, maana ukitafuta ya kumweka karibu utaipata tu, Whitechapel watu walibanana.

Mfano mzuri kupita yote ni Michael Ostrog. Mwaka 1894 Melville Macnaghten wa Scotland Yard, makao makuu ya polisi London, aliandika waraka wa siri wenye majina matatu ya washukiwa: Druitt, Kosminski na Ostrog. Karibu karne nzima Ostrog akawa anabebwa kwenye orodha. Halafu watu wakaenda kwenye rekodi za Ufaransa, wakamkuta: wakati wa mauaji ya 1888 alikuwa amefungwa kule kwa wizi. Karatasi moja ya jela imemtoa mtu kwenye kesi, wakati vitabu vyote vilivyoandikwa juu yake havikuweza.

Macnaghten huyohuyo alimwita Montague Druitt daktari wa miaka 41. Druitt alizaliwa Agosti 1857, alikuwa wakili na mwalimu, mwili wake ulitolewa mto Thames tarehe 31 Desemba 1888 akiwa na miaka 31. Cheti cha kuzaliwa kinakuambia ofisa mkubwa wa polisi aliandika kwa kumbukumbu za kichwani. Magazeti ya michezo nayo yanaonyesha tarehe 8 Septemba saa tano na nusu asubuhi Druitt alikuwa anacheza kriketi Blackheath, siku ileile Annie Chapman alipokutwa ameuawa alfajiri Hanbury Street. Haimsafishi moja kwa moja, ila inakupa picha ya mtu anayekata mwili wa mwanamke, anakwenda kubadilisha nguo, anawahi mechi. Pima mwenyewe.

Sehemu za kutafuta kwenye hatua hii:

- Rejista za nyumba za maskini, zile za kufanyishwa kazi upate ugali, na hospitali zake. Za London ziko London Archives na nyingi ziko Ancestry. Zina tarehe ya kuingia, kutoka, na mara nyingi anwani ya ndugu.
- Rejista za hospitali za vichaa. Za wagonjwa huwa zinafungwa miaka 100, za Victoria zimeshafunguka.
- Jela na mahakama, Old Bailey Online ndo pa kuanzia.
- Rejista za shule za watoto, zinaandika tarehe na anwani, dhahabu hii.
- Kalenda ya wosia, kuanzia 1858, kama aliacha chochote.

Usidharau nyumba za maskini. Nichols alitambuliwa kwa sababu sketi zake za ndani zilikuwa na mhuri wa nyumba ya maskini ya Lambeth. Polisi walifuata mhuri wa dobi.

### Kosminski, mbwa na tarehe zilizogoma

Huyu namtolea nafasi yake kwa sababu anafundisha vitu viwili kwa mpigo.

Macnaghten na Inspekta Mkuu Donald Swanson wote waliandika "Kosminski" bila jina la kwanza. Rejista za hospitali ya vichaa ya Colney Hatch zina Aaron Kosminski, Myahudi kutoka Poland, kinyozi, aliyeingia tarehe 7 Februari 1891, akitokea nyumba ya maskini ya Mile End Old Town. Vizuri. Lakini Macnaghten alisema aliingia kama Machi 1889. Na Swanson alisema alikufa muda mfupi baada ya kupelekwa, wakati rejista zinaonyesha alihamishiwa hospitali nyingine, Leavesden, mwaka 1894 na akafa Machi 1919. Miaka 28! Tarehe zikigoma hivyo una njia mbili: maofisa walisahau, au Kosminski wao siye huyu. Mimi naegemea kwamba ndo huyu na wao walichanganya, lakini kwenye jedwali langu nimeandika "inawezekana sana", sijaandika "hakika".

Halafu jina. Ndugu zake walitumia Abrahams. Desemba 1889 Aaron alipelekwa mahakamani kwa kosa la kutembea na mbwa asiyefungwa mdomo mtaa wa Cheapside, polisi wakasema amedanganya jina. Akajitetea kwamba wakati mwingine anajiita Abrahams kwa sababu Kosminski ni shida kuandika. Habari yenyewe ya mistari michache tu gazetini, ya mbwa, lakini ukiwa nayo ndo unajua kwamba ukimtafuta kwenye sensa utafute na Abrahams pia. Soma magazeti kwa ajili ya vitu vidogo kama hivi, siyo vichwa vya habari tu.

## Hatua ya 6: Weka kwenye ramani

Hii fupi. Mitaa ilibadilishwa majina, mingine kwa sababu ya aibu ya mauaji. Buck's Row iliitwa Durward Street kuanzia 1892. Berner Street, mtaa mwingine wa mauaji hayo, sasa ni Henriques Street. Tumia ramani ya wakati ule, ile ya mtafiti wa umaskini Charles Booth ya 1889 inaonekana bure mtandaoni na ina rangi za umaskini, nyeusi ndo wa chini kabisa.

Chora njia ya Doveton Street mpaka Broad Street. Buck's Row iko njiani. Yaani Cross alikuwa pale kwa sababu anakwenda kazini, kama alivyosema.

## Hatua ya 7: Jaribu kumuua mshukiwa wako

Siyo kwa kisu. Chukua kila mtu mwingine mwenye jina hilo na umri unaokaribia, umfuate mpaka kaburini. Charles Cross wa kwanza alikufa 1885? Mfute. Wa pili alihamia Leeds na familia? Mfute. Ukimaliza akabaki mmoja asiyefutika ndo wako. Wakibaki wawili, huna jibu.

Inachosha, najua. Mimi kabla sijajua habari za Lechmere nilikaa wiki mbili na Charles Cross mmoja nikampenda kabisa, nikamjengea na mti wa familia, nikajua mpaka majina ya wajukuu. Nilipokuja kufungua 1891 namkuta anakaa nyumba nyingine kabisa, kazi nyingine, na mtoto kazaliwa hukohuko 1888. Nilifuta faili zima nikaenda kulala.

Na kuna ambao hawapatikani. Mary Jane Kelly, aliyeuawa tarehe 9 Novemba 1888, alisema amezaliwa Limerick, akakulia Wales, akaolewa na mchimba makaa aitwaye Davis au Davies aliyekufa kwenye mlipuko. Watu wametafuta miaka na miaka kwenye rejista za Ireland, Wales na England, hakuna aliyemthibitisha. Huenda jina siyo lake. Kukwama kwa Kelly hakumaanishi hujui kazi.

## Hatua ya 8: Andika ulichokipata bila kuvuka mpaka

Kila sentensi ipe daraja: hakika, inawezekana, sijui. Kwa mtu wetu nikiandika inakuwa hivi:

*Hakika:* shahidi Cross wa 1888 ni Charles Allen Lechmere, aliyezaliwa 1849 na kufa 1920. *Inawezekana:* kazini alijulikana kama Cross, maana alisema yuko Pickford zaidi ya miaka 20, na Thomas Cross alikufa 1869, hivyo alianza kazi baba wa kambo akiwa hai. *Sijui:* kwa nini mahakamani hakutaja Lechmere.

Wanaomshuku wanasema alificha jina. Binafsi sioni ujanja wa mtu anayeficha jina halafu anatoa namba ya nyumba yake na mwajiri wake wa kweli mbele ya waandishi. Ila rejista hazisemi lolote upande huo. Zinakuambia alikuwa nani. Alichofanya gizani haziwezi.

Angalizo la mwisho: ukifika kwa wajukuu na vitukuu, simama. Hao wako hai, wana majina na kurasa za mitandao, hawajaua mtu. Usiwatumie ujumbe eti babu yenu. Na mkiniuliza DNA: ile ya upande wa mama inayopatikana kwenye vitu vya kale hugawanwa na watu wengi wa ukoo na hata wasiojuana, hivyo inaweza kumtoa mtu kwenye orodha, kumtaja mmoja peke yake haiwezi.

## Zoezi

Usianze na mshukiwa. Anza na Robert Paul, yule aliyemkuta Cross amesimama Buck's Row, wakaenda pamoja kumtafuta askari. Naye alikuwa carman, akikaa 30 Foster Street na kufanya kazi Corbett's Court, Spitalfields. Una nyumba, una kazi, una sehemu ya kazi. Fungua 1891, tafuta mtaa kwanza, jina baadaye.